Fundi wa Vinanda na Wake Zake Wawili

Ninyi vijana mnaotema mate ndani ya kichupa, mkakipeleka posta ili mtu msiyemjua awaambie ninyi ni nani, leo nina neno nanyi. Siwakemei. Mjukuu wangu mwenyewe alitema, akasubiri wiki kadhaa bila raha, na jibu lilipokuja likamwambia kwamba asili yake ni Afrika Mashariki. Nilimwambia angeniuliza mimi jikoni ningemjibu siku ileile, tena angebaki na mate yake. Hakucheka, ila nilimwona baadaye akimsimulia mwenzake kwa Kiingereza.

Mimi nimekula mshahara wa wafu miaka mingi. Nilikuja Marekani kusoma historia Amherst, jirani na Buffalo, nikamaliza, nikatafuta kazi ya kufundisha nikaikosa, ndipo mzee mmoja wa hapa Buffalo, Bwana Leonard, akaniajiri katika ofisi yake ndogo ya kuwatafutia watu nasaba zao. Nilipompigia simu kaka yangu Bungoma kumweleza, alinitaka nirudie. Kisha akauliza, "Yaani mzungu anakulipa umtafutie babu yake?" Nikasema ndiyo. "Kwani alimwacha wapi?"

Basi huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe, kwamba hawakujua walimwacha wapi. Wengi waliotujia walitafuta watu wa enzi za Malkia Viktoria, waliopanda meli Uingereza wakiwa vijana wakaja huku kutafuta maisha. Walikuwa kama sisi tu, isipokuwa wao hawakuulizwa viza. Walitawanyika wakifuata reli na viwanda, na sisi tukawafuata nyuma kwa sensa, magazeti, vitabu vya parokia na mawe ya makaburi.

Mwaka wangu wa kwanza nilimpatia mteja mmoja, fundi bomba wa mtaa wa East Side, babu ambaye hakuthubutu hata kumwota. Alikuwa askofu. Jina lilikuwa lilelile, umri uleule, na kijiji kilekile cha Ireland. Mteja alilia kwa furaha, akampigia mama yake simu palepale mbele yangu. Bwana Leonard alingoja aondoke ndipo akaniuliza kwa upole, "Nafula, huyu askofu ni wa kanisa gani?" Nikamwambia ni wa Katoliki. "Na hawa watoto aliwapata lini?" Nilishuka ngazi mbio hadi barabarani lakini gari lilikuwa limeshaenda. Nilipompigia jioni kusahihisha, mama yake alikuwa amekwisha kutangaza mtaa mzima, na hakutaka kusikia lolote. Nadhani hadi leo kuna nyumba East Side yenye picha ya yule mtumishi wa Mungu ukutani.

Bwana Leonard alikuwa mtu mwembamba, mpenda mkate wenye samaki, aliyepeleka barua kwa miguu nusu ya maisha yake kabla ya kufungua ofisi. Alinifundisha ambayo chuo hakikunifundisha, nami nawapa bure. Usiamini umri ambao mtu alimtajia karani wa sensa. Wanaume walijiongezea wakitaka kazi na kujipunguzia wakitaka mke, na nimewahi kumfuata mwanamke mmoja katika sensa tatu akizidi kuwa kijana, nikaogopa ya nne nitamkuta ananyonya. Usipompata mtu, watafute jirani zake, kwa sababu watu walihama na watu wao. Ukifika kaburini usilisugue jiwe kwa chaki wala usilipake povu la kunyolea ndevu, kama nilivyoona watu wazima wakifanya. Chukua kioo, simama pembeni, ulirushie jiwe mwanga wa jua kwa ubavu, na maandishi yaliyofifia yatajitokeza. Na ukikuta mwanamke ameandikwa mjane katika vile vitabu vya anwani za mji, usikimbilie kumtafutia kaburi la mume. Enzi zile aliyekimbiwa aliona heri ajiite mjane kuliko kuwaeleza majirani mambo ya nyumbani mwake. Nimekutana na wajane wengi ambao marehemu zao walikuwa mji wa pili wakinywa bia.

Na jambo lingine aliloniambia ni kwamba kila ukoo una hadithi moja nzuri mno, na kazi inapaswa kuanzia hapo.

Bi Margaret alikuja na yake. Ilikuwa mwaka 2015. Alipanda ngazi zetu kwa mkongojo, akikataa kushikwa mkono. Alikuwa amevuka miaka themanini, mwalimu wa hesabu mstaafu, hakuolewa, na kaka yake wa pekee alikuwa ameshakufa. Aliketi akanisimulia habari za baba wa babu yake, Alfred Hobday, Mwingereza, fundi wa vinanda vya kanisani, vile vikubwa vya mabomba ambavyo fundi huingia ndani. Alfred aliishi Buffalo na mkewe Harriet, lakini kazi ilimzungusha kwa treni majimbo kadhaa akitengeneza vinanda. Siku moja huko Ohio alimwona mvulana amesimama kwenye reli na kikapu cha mayai, treni inakuja. Alimrukia, akamsukuma pembeni, treni ikamgonga yeye. Mtoto akapona, na katika kile kikapu halikuvunjika yai hata moja.

"Hata moja?" nikauliza.

"Hata moja," akasema, akanitazama kama mwanafunzi aliyelitilia shaka jedwali la kuzidisha.

Lakini hakuja kwa ajili ya mayai. Alikuwa amekwenda kwa watu wa mazishi kupanga na kulipia maziko yake mapema, kama wafanyavyo hapa, na kijana wa pale akamwuliza siku ikifika apigiwe nani. Hakuwa na mtu. Alitaja jina la daktari wake wa meno. "Nataka kujua kama Alfred aliacha mtu mwingine yeyote duniani," akaniambia. "Daktari wangu ni mtu mzuri, lakini sitaki anizike yeye." Alisema huku akicheka, ila mikono ilikuwa imeukamata ule mkongojo kwa nguvu. Roho iliniuma. Kwetu hata mlevi aliyekosana na kijiji kizima hupata watu wa kugombania maiti yake, na huyu mama aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote hakuwa na wa kumpigia.

Alfred alipatikana upesi, tena upesi kupita kiasi. Katika sensa moja nilimkuta Buffalo, fundi wa vinanda, kichwa cha nyumba, pamoja na Harriet na watoto. Katika sensa hiyohiyo nikamkuta Louisville, mji wa kusini, fundi wa vinanda, kichwa cha nyumba, amezaliwa mji uleule wa Uingereza, pamoja na mke aitwaye Eliza na watoto wengine. Alfred wa Louisville alikuwa na umri mdogo kidogo kuliko wa Buffalo. Kisha gazeti la Columbus, mji wa Ohio, likanimalizia kazi kwa mistari michache. Bwana Hobday, fundi Mwingereza, ameteleza kwenye ngazi akiwa ndani ya kinanda cha kanisa, akaanguka na kufa. Hapakuwa na treni, wala mtoto, wala yai. Na baada ya hapo vitabu vya anwani vya miji yote miwili vina mjane aitwaye Bibi Hobday.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu. Baba yangu alikuwa na wake wawili na mama yangu ndiye mdogo wao. Nimekulia katika mji, yaani boma la mzee mmoja, ambamo kila mtu alijua nyumba ya mke mkubwa iko wapi na ya mke mdogo iko wapi, nani anamwamkia nani kwanza, na siku ya msiba nani anakaa upande gani. Nilipowaona Harriet na Eliza sikushtuka hata kidogo. Niliona mwenye mji aliyezijenga nyumba zake mbalimbali mno, akateseka na nauli. Nilichoona zaidi ni kwamba Bi Margaret ana ndugu! Niliyapekua matangazo ya vifo ya magazeti ya Louisville, yale yanayotaja marehemu ameacha nani na nani, nikashuka nayo kizazi kwa kizazi mpaka nikamfikia mtu aliye hai, Bi Carol, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa kitinda mimba wa Alfred na Eliza. Alikuwa na watoto, wajukuu na simu.

Nikachora mji. Alfred katikati, kulia mke mkubwa Harriet na uzao wake, kushoto mke mdogo Eliza na uzao wake, kila kitu mahali pake, kwa kalamu za rangi. Nikapeleka posta nakala mbili, moja kwa Bi Margaret na moja kwa Bi Carol, na maneno ya pongezi kwamba nyumba zote mbili zimeonana. Kisha nikampigia Bi Carol nikamwambia dada yake mkubwa yuko Buffalo, mzima ila amezeeka, na kwa kuwa wao Louisville ni wa mke mdogo, ingependeza wao ndio waanze kuja kumwamkia.

Bi Carol alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Hilo nililijua baadaye.

"Wa nani?" akauliza.

"Wa mke mdogo. Lakini usijali, hata mama yangu ni mke mdogo."

Simu ikakatika. Nikadhani ni mtandao, nikapiga tena.

Bwana Leonard alipoiona nakala iliyobaki mezani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nafula, umechora nini hapa?"

"Mji wa Alfred."

"Mama yangu wee," akasema, au maneno ya Kiingereza yenye uzito huo. "Hiki unachokiita mji, sisi tunakiita kesi. Huyu mtu angefungwa. Umewaandikia mabibi wawili wa kanisa kwamba shujaa wao alikuwa mhalifu, na mmoja wao ukamwambia uzao wake hauna ndoa, halafu ukawapongeza." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Ndiyo kwanza nilikuwa naelewa.

Nakala ya Bi Margaret ilirudi kwa posta. Alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu. Upande wote wa kushoto ulipigwa mstari mkubwa wa mshazari, na chini ameandika, "Sivyo." Simu zangu hakupokea. Nilikwenda hadi mlangoni kwake, nikaona pazia limesogea na mlango haukufunguliwa. Nikarudi kituo cha basi nikiwa nimefedheheka. Mama wa watu alikuja kutafuta ndugu, mimi nikamnyang'anya babu na ndugu sikumpa.

Aliyenitoa shimoni ni Bahati. Bahati ni Mkongomani wa Uvira, tulisali kanisa moja. Usiku alikuwa akifanya kazi kwenye ghala la bidhaa, na siku zake za mapumziko alinibeba na gari lake kwenda makaburini na maktaba za mbali, kwa sababu mimi barabara kuu za hapa naziogopa na siko tayari kubadilika. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akila karanga, kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa.

"Mama Nafula, mi sioni problème," akasema. "Mzee alikuwa na bibi mbili. Donc, iko famille moja."

"Kwa hawa watu ni aibu, Bahati."

"Bon, kama iko haya, tuende kuomba pardon. Ule wa Buffalo alifunga mlango, tuanzie kwa ule wa Louisville. Lakini batu habaendake kuomba pardon mikono butupu."

Nilijua bila kuambiwa kwamba watu hawaendi kuomba msamaha mikono mitupu. Nilinunua kuku mzima kwa wale Waislamu wa mtaani wanaochinja wenyewe, nikamchoma, nikamfunga vizuri. Mke wa Bahati akatoa kitenge kipya. Bwana Leonard aliposikia tunamsafirisha kuku kutoka Buffalo hadi Louisville, mwendo wa mchana kutwa, kumpelekea mwanamke aliyenikatia simu, alisema katika miaka yake yote hajapata kuona njia hiyo ya utafiti, lakini akatoa ruhusa. Saa za kwanza gari lilinukia kama Krismasi. Baada ya Cleveland, Bahati alianza kuniuliza kama huyo mama anajua kuku ana mapaja mangapi.

Columbus iko njiani, kwa hiyo tulisimama kumwona mwenye kesi. Kaburi la Alfred lilikuwa kwenye kona, jiwe limemomonyoka. Nikatoa kioo changu cha mkobani, Bahati akakishika akarusha jua, na maandishi yakaja polepole. Jina. Chini yake, "Mume Mpendwa." Basi. Makaburi ya enzi zile kwa kawaida yanasema mume wa fulani, ila huyu alikuwa mume mpendwa wa mtu asiyetajwa. Nililinakili na kulipiga picha bila kuelewa maana yake.

Bahati alivua kofia. "Mzee Alfred, jambo. Tusamehe kwa kukusumbua," akaliambia jiwe. "Lakini na weye ulituachia kazi mingi. Tunaenda kwa batoto ya bibi yako mudogo. Saidia kidogo." Akavaa kofia, tukaendelea.

Bi Carol alifungua mlango, akaniona mimi, akamwona Bahati, akaona sinia lililofungwa kitenge. Nikamwambia mimi ndiye yule wa simu na nimekuja kuomba msamaha. Nadhani adabu za kusini ndizo zilizoniokoa, maana watu wa Louisville hawawezi kumwacha mgeni mwenye chakula nje. Alitukaribisha jikoni, akamimina chai ya baridi yenye sukari ambayo Bahati aliisifu kwa dhati, kisha akakaa wima akanipa vidonge vyangu.

Alisema nimemtukana bibi yake, aliyekuwa mwanamke mnyoofu kuliko wote aliowajua. Alisema Alfred Hobday hakuwa na mwanamke mwingine popote. Alisema babu yao alikufa kifo cha kishujaa huko Ohio, akimwokoa msichana mdogo kwenye reli.

Nikaweka bilauri chini. "Msichana alikuwa amebeba nini?"

"Kikapu," akasema Bi Carol. "Cha mayai. Na hakuna—"

"Hata moja," nikasema.

Alinikazia macho. Nikamweleza taratibu. Nikamwambia kwamba gazeti la Columbus linasema Alfred alianguka ndani ya kinanda, na treni haikuhusika. Kwamba huko Buffalo kuna mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga Louisville, ambaye bibi zake walimsimulia treni hiyohiyo na kikapu hichohicho, yai kwa yai. Nikampa ile picha ya jiwe kwenye simu yangu, "Mume Mpendwa" na nafasi tupu. Bi Carol aliitazama, akaikuza kwa vidole. Bahati, Mungu ambariki, alikuwa ameacha kutafuna karanga zake.

"Walikutana," akasema mwishowe. "Harriet na Eliza. Walikuja Columbus kumzika, wakakutana."

Mimi, mwenye digrii ya historia na miaka yote ile kazini, sikuwa nimeliona hilo mpaka alipolisema. Wanawake wawili wenye mavazi meusi ya eda, kila mmoja ameshuka kwenye treni yake na machozi yake, wanakutana mbele ya jeneza moja. Wangeweza kushikana nywele. Wangeweza kwenda polisi, magazeti yakafaidi na watoto wote wakaitwa haramu. Badala yake waliketi mahali, labda kwenye chumba cha nyuma cha lile kanisa, wakatunga mume mmoja wa heshima wa kuwatosha wote wawili, wakaafikiana hadi kikapu, wakanunua jiwe lisilomtaja yeyote, kila mmoja akarudi kwake mjane. Bila shaka aliyeongeza mayai alikuwa amechangamka.

Bi Carol alivuta sinia, akafungua kitenge, akamkata kuku paja. Akala kidogo, akafuta mikono. "Nipe namba ya huyo mama."

Bi Margaret hakuwa akipokea simu zangu, lakini namba ya Louisville hakuijua, akapokea. Bi Carol hakumsalimu. "Kwenu ni mvulana au msichana?" akauliza.

Tulisikia sauti ya Bi Margaret kutoka ndani ya simu, kavu kama chaki. "Mvulana, bila shaka. Nani mwenzangu?"

"Ni msichana. Bibi yangu aliambiwa na mama yake mwenyewe."

"Basi mama yake alisikia vibaya."

Wakaanza. Mimi na Bahati tulimaliza chai, tukamaliza na kuku, tukaosha vyombo, wakiwa bado wanaendelea. Yule alimwita huyu mkaidi, huyu akamwambia yule hajui kusikiliza. Kila mmoja alitishia kukata simu na hakuna aliyekata. Nilisimama kwenye sinki la watu nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Watu wasiohusiana hawawezi kugombana namna ile. Wangeshindwa, wangekuwa na adabu.

Bahati aliniinamia. "Mama, sasa banafanana," akasema.

Tangu siku hiyo ikawa kila Jumapili baada ya ibada wanapigiana kugombana. Bi Margaret alinifungulia mlango tena, hakuomba radhi wala hakutaka niombe, ila alinionyesha pengo katika mchoro wangu, mtoto wa tatu wa Harriet niliyemruka. Alinijulisha pia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba amekwenda kwa wale watu wa mazishi akamfuta daktari wa meno. Kiangazi walikutana Columbus kwenye lile jiwe, nikiwapo. Walishauriana kuongeza majina ya wake, wakashindwa kukubaliana nani atangulie, jiwe likabaki lilivyo. Bi Carol alimshika mkono wakirudi garini, na Bi Margaret, ambaye hakuwahi kukubali kushikwa mkono na mtu, hakuutoa.

Vijana, mnaniuliza nyakati zote mtaanzaje kutafuta watu wenu. Anzeni na walio hai. Nendeni kwa mama zenu wakiwa wanapika, wakati mikono yao ina kazi na mdomo hauna, muwaulize majina ya mama za mama zao, maana hao ndio wa kwanza kupotea. Waulizeni hadithi ile nzuri mno, na msiwabishie. Ulizeni na upande mwingine wa ukoo, ule ambao kwenu hautajwi. Na mkivikuta vilivyofichwa, msifanye kama mimi, msiwatumie watu posta.

Bi Margaret alifariki mwaka uliofuata, Novemba, na theluji ya Buffalo ikawa imewahi kama desturi yake. Nilikwenda na Bahati pamoja na watu wachache wa kanisani kwetu, kwa kuwa niliogopa watu watakuwa haba. Kumbe Louisville ilikuja nzima. Magari yalipanga foleni hadi getini, wanaume wenye makoti ya mvua, watoto waliokuwa wakishangaa theluji, na Bi Carol mbele, amevaa viatu vyembamba vya ngozi vya kisigino, akitetemeka na kulalamika.

Hapa kwao, mchungaji akimaliza, watu huweka ua na kwenda kula. Kufukia huachiwa vijana wenye mashine, waliokuwa wakisubiri pembeni, injini inanguruma. Watu wakaanza kusogea kwenye magari. Bahati alimwendea mmoja wa wale vijana, wakasemezana kwa ishara zaidi ya maneno, akarudi na sepetu na kuanza kutupa udongo ndani.

"Anafanya nini?" Bi Carol akaniuliza.

"Kwetu wenye maiti hawaondoki kaburi likiwa wazi," nikamwambia. "Tunamfukia wenyewe mpaka mwisho. Lakini wewe nenda, kuna baridi. Hakuna atakayekulaumu."

Alitazama magari. Alitazama shimo. Kisha akamwendea Bahati akanyoosha mkono wenye glavu. Bahati alimpa sepetu akamwonyesha pa kushika. Udongo ulikuwa mzito na umeganda, na alioutupa mara ya kwanza ulimrudia nusu miguuni. Akatupa tena. Wanawe walioshafika kwenye magari wakageuka, wakarudi mmoja mmoja, wakasimama kuzunguka kaburi wakingoja zamu, lakini mama yao hakumpa mtu. Aliendelea huku machozi yanamtoka na viatu vimejaa tope, akimgombeza marehemu kwa sauti ya kusikika, kwamba kati ya miezi yote ya mwaka amechagua huu makusudi. Wale vijana wakazima mashine.